Roselida na Siku Kumi na Moja

Madereva wa trela wanaopanga foleni kuingia Uganda huijua mikono ya Roselida kabla ya kulijua jina lake. Ndiye anayeshona maturubai katika yadi moja pale Malaba: mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye maneno machache na viganja vigumu kama kwato. Turubai likichanika njiani, utingo huambiwa alifunge kwa kamba mpaka Malaba, halafu amtafute Mama Mugeni. Akilishona, halipitishi maji tena. Hana haraka, hapigi soga, na hamsahau mtu aliyemkosea. Hilo la mwisho madereva hawalijui. Wifi yake Wilkista ndiye anayelijua.

Ugomvi wao ulianzia kaburini. Mtoto wa pili wa Roselida, Linet, alikufa akiwa na miaka mitano kwa selimundu, ugonjwa wa damu ambao watu wa hapa wanauita sikoseli. Walimzika Khunyangu, kwao Wanyama, mume wa Roselida. Udongo haujamaliza kumwagwa, Wilkista, dada mkubwa wa Wanyama, akasema mbele ya waombolezaji kwamba katika ukoo wao damu iliyooza haijawahi kuonekana, na kwamba damu hiyo ililetwa na bibi harusi kutoka Sigalame. Roselida alikuwa ameshika udongo mkononi. Aliutupa kaburini, akapangusa kiganja. Tangu siku ile alimsalimu wifi yake kila walipokutana, ila hakutia mdomoni chakula kilichotoka mkononi mwake.

Jambo hilo lilionekana na wote, kwa sababu Wilkista ni mwuzaji chakula. Kibanda chake cha ugali na samaki kilikuwa karibu na lango la yadi, mahali ambapo Roselida, akiinua macho kutoka kwenye sindano, hakuwa na pengine pa kutazama.

Halafu Sylvia, kitinda mimba, akavimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi minane. Roselida hakungoja kuambiwa. Miaka minane iliyofuata ilikuwa ya maumivu ya mifupa, ya kuongezewa damu, na ya kulala chini kando ya vitanda vya watu. Ndipo daktari wa Eldoret alipowaambia kwamba kuna njia. Uboho wa mtoto ungeng'olewa kwa dawa kali na kupandikizwa seli shina za ndugu anayelingana naye. Wakapimwa wote. Mugeni, dada mkubwa aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alilingana na Sylvia. Karatasi hizo hizo zilionyesha kwamba Wanyama alibeba selimundu sawasawa na mkewe, kwa kuwa mtoto haugui mpaka arithi pande zote mbili. Roselida alimtaka mumewe ampelekee dada yake habari hiyo. Wilkista alipoipata alicheka, akasema mashine nayo hula hongo.

Shamba la Sigalame liliuzwa, kanisa likachanga, madereva wakachanga. Wilkista naye akatoa ng'ombe, na hakuacha mtu asijue. Mwezi wa kumi na moja Roselida, Mugeni na Sylvia walipanda ndege kwenda India. Mwezi wa tatu walirudi. Sylvia alikuwa na kipara, mashavu yamejaa kwa dawa, na kundi jipya la damu: alizaliwa O, akarudi B kama dadake.

Watu wa Malaba walidhani amerudi mzima. Roselida alijua amerudi nusu. Daktari alimkalisha chini akamweleza polepole. Damu ya Mugeni ilikuwa imeshika, na chembe nyeupe za kwanza, zile zinazokimbilia kila jeraha, zilirudi katika wiki ya tatu. Lakini zile zinazojifunza adui na kumkumbuka hukawia miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Chanjo zote alizopata Sylvia utotoni zilikuwa zimefutika. Surua, kifaduro, polio, pepopunda: mwili haukumbuki hata moja. Ingebidi aanze upya kama mtoto mchanga, tena si kabla ya mwaka kupita, na zile chanjo zenye vijidudu hai zingengoja hata zaidi. Kila mwezi wangehesabu chembe ambazo daktari aliziita CD4. Mpaka zipite mia mbili, asiende shule, kanisani wala sokoni, na wageni wasiingie.

Hesabu ya kwanza ilikuwa arobaini na moja. Iliyofuata, sitini na saba. Mwisho wa mwezi wa tano, tisini na sita.

Roselida aliishi kwa namba hizo. Akitoka yadini alivua nguo za kazi katika chumba cha uani, akaoga, ndipo akaingia. Maji yalichemshwa, matunda yalimenywa. Mugeni alikuwa amerudi shule ya bweni, hivyo mchana Sylvia alibaki na Everline, binamu yake Roselida, msichana mwaminifu aliyefunzwa kujibu wageni akiwa ndani ya lango. Kina mama wa kanisa walikuja mara mbili kumwombea mtoto, wakaomba wakiwa barabarani, wakaondoka wamenuna. Mgeni wa maombi kutoingizwa ndani ni jambo ambalo huku halisahauliki upesi.

Aliyeshindwa kabisa kulimeza ni Wilkista. Watoto wa Wanyama humwita Senge, yaani shangazi, na Senge habishi hodi kwa kaka yake. Akiwapakulia madereva samaki, alisema kwa sauti ya kufika kwenye maturubai kwamba kuna watu wamekwenda Ulaya wakarudi wazungu.

"Ni India, mama," dereva mmoja akamsahihisha.

"Hiyo hiyo. Mtoto amefungiwa kama kuku wa kutaga, na ng'ombe wangu amo ndani ya ile damu. Mimi hata kwato sijaonyeshwa."

Madereva walicheka. Roselida alivuta uzi, akaukata kwa meno.

Jumanne ya tarehe kumi mwezi wa sita, Roselida alirudi nyumbani saa kumi akakuta viatu vya mtu mlangoni. Wilkista ameketi sebuleni. Kwenye mkeka, mgongoni mwa Sylvia, ameng'ang'ania Asekenye, mjukuu wa Wilkista wa miaka mitatu, aliyeletwa wiki ile kutoka Tororo, upande wa pili wa mpaka, alikoolewa mama yake. Mtoto alikuwa na malengelenge usoni na shingoni, yamepakwa majivu na mafuta. Mengine yalikuwa mabichi, yanang'aa.

Roselida alimwinua Sylvia kwa mkono mmoja, akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Ndipo akauliza ni nini kile.

"Tete tu," Wilkista akasema. "Na Sylvia alishaugua akiwa na miaka minne, nilimwuguza mimi mwenyewe hapa. Haimshiki mtu mara mbili. Wacha kunitolea macho, mulamwa." Mulamwa ni wifi kwa lugha ya kwao.

Everline alisimama kando akilia. Yeye pia alikuwa amefikiri hivyo. Alikumbuka Sylvia akiwa na tetekuwanga, akaona hakuna hatari, na zaidi ya hayo, nani angemwacha dada mkubwa wa mwenye nyumba amesimama barabarani juani? Hapo ndipo kosa lilipokaa. Aliyeugua tetekuwanga alikuwa Sylvia wa uboho wa zamani. Uboho ule ulibaki India, na kumbukumbu zake zote zilibaki huko nao.

Roselida hakupaza sauti. Alifungua mlango wa mbele akausimamia mpaka Wilkista na mjukuu wake walipotoka. Kisha akampigia daktari. Daktari aliongeza dawa ya virusi aliyokuwa akimeza mtoto, akasema wahesabu siku ishirini na moja. Ikitokea homa, au kipele hata kimoja, wasingoje asubuhi. Roselida akauliza kama mtoto anaweza kufa. Daktari akasema kwamba kwa mtoto mwenye tisini na sita, tetekuwanga huweza kushuka mapafuni na kwenye ini.

Basi Roselida akakaa akafikiri, na fikira zake hazikuwa za maombi. Linet alitukanwa kaburini, na sasa huyu ameletewa kaburi nyumbani. Alitaka Wilkista aonje. Kifo hakumtakia, maana kifo ni cha mara moja. Alitaka afungiwe, watu wamkwepe, mlango wake usimamiwe na mtu anayemwambia hapana.

Njia ilikuwa imebandikwa ukutani yadini. Mwaka ule Mpox ilikuwa ikipita mpakani na madereva, na maafisa wa afya walikuwa wamebandika picha za ngozi zenye malengelenge, chini yake namba ya simu ya bure. Jumatano asubuhi Roselida aliweka sindano chini, akaenda nyuma ya trela la simenti, akapiga. Alisema kuna mtoto ametoka Uganda akiwa na malengelenge usoni na shingoni, analala katika kibanda cha chakula, na bibi yake anawapakulia watu. Hakutaja jina lake. Hakusema uongo hata neno moja, ila lile ambalo hakulisema ndilo lililofanya kazi.

Siku ya pili wakaja, watu watatu wenye barakoa na magauni ya plastiki. Roselida alitazama yote kutoka kwenye turubai. Asekenye alilia kwa sauti nyembamba. Wilkista alikataa kupanda gari, akaeleza, akaapa ni tete, na kila alipomsogelea mtu kumweleza, mtu huyo alirudi nyuma. Madereva waliokuwa wakila waliacha sahani mezani. Kibanda kikafungwa kwa utepe. Roselida aliendelea kushona, na mshono wa siku ile, yeye mwenyewe anakiri, ulikuwa mzuri kuliko yote ya mwaka huo.

Furaha hiyo ilidumu usiku mmoja. Asubuhi gari lile lile lilisimama mbele ya lango lake. Aliyeshuka alikuwa Callistus, afisa wa afya wa mpakani, mtu mrefu mwenye adabu, ameshika faili.

"Mama Mugeni, pole," alisema. "Tumemwuliza yule mama, mtoto amegusana na nani. Jina la kwanza alilotoa ni Sylvia. Itabidi twende naye kituoni mpaka majibu yatoke."

Roselida alijua kituo hicho. Ni chumba kimoja chenye vitanda vilivyopangwa, wagonjwa wenye homa za kila namna, choo kimoja. Alikuwa amempeleka wifi yake huko kwa simu moja, na barabara ile ile ilikuwa imegeuka kumfuata mwanawe.  Alishika nguzo ya lango.

"Ile ni tetekuwanga," akasema.

"Umejuaje?"

"Nimelea watatu. Naijua."

"Aliyetupigia alituambia habari nyingine."

Nyuma yake, Everline alikuwa amesimama na jagi la maji. Roselida alitamani aondoke, lakini hakuondoka.

"Aliyepiga ni mimi," Roselida akasema.

Callistus alifunga faili. Alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma hati ya mizigo asiyoiamini. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba kuna watu wenye Mpox kweli ambao jana hawakufikiwa kwa sababu gari lilikuwa kwenye samaki wa Wilkista.  Roselida alimpa simu, daktari wa Eldoret akiwa upande wa pili. Callistus alisikiliza, akaandika, akauliza namba za chembe, akaandika tena. Mwisho alikubali Sylvia abaki nyumbani, asitoke mtu wala kuingia mtu isipokuwa mama, na yeye mwenyewe angepita kila asubuhi kuuliza joto la mwili.

Kabla ya kupanda gari alisema jambo moja zaidi. Malengelenge ya Asekenye yalikuwa yamepakwa majivu na mafuta, na huenda sampuli isisomeke. Sylvia akitokewa na kitu chochote, karatasi ya maabara ya Eldoret ingesema ukweli kwa ajili ya watoto wote wawili. Aletewe.

Siku zikahesabiwa. Ya tano, ya nane, ya kumi na moja. Sylvia alichora, akalalamika amechoshwa na uji, akauliza kama Senge amekasirika. Siku ya kumi na nne, Roselida akimpaka mafuta, aliona nyuma ya sikio kipele kimoja kilichojaa maji, kidogo kama tone la umande. Dereva mmoja aliyekuwa amesimamisha gari dogo la kampuni yadini aliwafikisha Eldoret kabla ya saa saba za usiku.

Mtoto alilazwa chumba cha peke yake, dawa ikapita kwenye mshipa usiku na mchana. Roselida alihesabu vipele kila asubuhi. Kumi na saba. Arobaini na tatu. Sitini na kimoja. Kila kimoja alikiandika kichwani kwa jina la Wilkista. Joto lilipanda, kifua kikapigwa picha. Siku hizo, wifi yake angeingia mlangoni pale, Roselida hajui angefanya nini kwa mikono ile.

Siku ya nne alihesabu akapata sitini na kimoja. Akahesabu tena, kuanzia miguuni. Sitini na kimoja. Siku ya tano, sitini na kimoja, na vya kwanza vimeanza kukauka. Mapafu yalikuwa safi.

Daktari, ambaye si mtu wa kutabasamu ovyo, alitabasamu. Alisema dawa imefanya kazi yake, lakini haikuwa peke yake. Walipopima damu walikuta Sylvia ametengeneza askari wake mwenyewe dhidi ya tetekuwanga, hawakutoka kwa mtu wala kwa chupa. Chembe alizopewa na dadake zilikuwa zimekutana na adui kwa mara ya kwanza, zikamjua. Hesabu ilikuwa mia moja thelathini na moja.

"Bado iko chini," akaonya. "Masharti ni yaleyale. Lakini sasa najua shule imefunguliwa ndani ya mwili wake."

Walitoka tarehe tano mwezi wa saba, baada ya kulala hospitalini siku kumi na moja. Katika bahasha ya Roselida kulikuwa na karatasi ya maabara: tetekuwanga, imethibitishwa.

Wilkista na mjukuu walikuwa wameachiliwa siku mbili kabla. Sampuli haikusomeka, kama alivyohofia Callistus. Asekenye alipona akarudishwa Tororo. Kibanda kilibaki na utepe, kikingoja uthibitisho, na hata ungekatwa, nani angekula hapo? Wilkista alikuja kila siku akaketi juu ya beseni lililopinduliwa mbele ya biashara yake iliyokufa. Madereva waliokuwa wakimwita mama walivuka barabara wakishika pua. Muuza mkaa alimtupia chenji chini badala ya kumpa mkononi.

Roselida alishona akimtazama. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa aproni yake. Siku ya tano Callistus alipiga simu kuuliza. Roselida akamwambia maabara bado haijatoa. Siku ya saba mumewe alipiga kutoka Juba, anakofanya kazi, akaeleza kwamba dada yake amemlilia kwenye simu. Roselida akamwambia kila kitu, simu aliyopiga na karatasi aliyonayo. 

"Inatosha, Roselida."

"Haijatosha."

"Itatosha lini?"

"Najua ni lini."

Siku ya kumi na moja alimtuma Everline amwite Wilkista. Alikuja bila majigambo, amekonda, leso ameifunga kiunoni kwa fundo. Alifika langoni akajisahau, akanyoosha mkono kulisukuma, kisha akaurudisha. Roselida akampitishia karatasi juu ya lango, akamwambia ampelekee Callistus mwenyewe, na kibanda kitafunguliwa leo leo.

Wilkista aliisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye tarehe ya kutolewa, akasimama.

"Hii ni ya tarehe tano. Leo ni kumi na sita."

"Ndiyo."

"Umekaa nayo."

"Siku kumi na moja. Sylvia alilala Eldoret siku kumi na moja."

Wilkista hakubisha. Alikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani. "Ile simu pia ni wewe," akasema, na haikuwa swali. Roselida alikubali kwa kichwa.

"Mimi nilijua alishaugua," Wilkista akasema. "Haki ya Mungu, mulamwa. Singeleta ugonjwa kwa mtoto wa Wanyama."

"Najua."

"Unajua, na bado?"

"Na bado."

Dirishani, pazia lilisogea. Sylvia alikuwa amesimama nyuma ya kioo, nywele zake mpya fupi kama za mtoto wa miezi sita, mashavu yana makovu madogo meusi. Aliinua mkono akapunga. Wilkista akapunga pia, taratibu, kisha akauficha mkono ndani ya leso kama aliyeshikwa akiiba.

"Nitamshika lini?" aliuliza.

"Bado mwaka mmoja."

Wilkista alilitazama komeo, akamtazama wifi yake. "Huo mwaka ni wa daktari, ama ni wako?"

"Miezi sita ni ya daktari," Roselida akasema. "Sita ni yangu."